Shangazi Alinisoma Nikiwa Usingizini

Wiki iliyopita niliwaacha stendi ya Nduguti. Nimeshuka kwenye basi na kitenge cha msiba begani, Yeremia ananipokea mkoba, ananiambia shangazi yake anataka kunipima. Wengi mmenipigia simu kuuliza napimwa nini. Mmoja wenu akaniambia ningegeuza siku ileile nirudi kwetu Ulemo. Laiti ushauri huo ungekuja kabla sijapanda lile basi.

Kwa anayeanza kunisoma leo, mimi ni Yunisi, mkulima wa alizeti na vitunguu. Dada yangu Eliza alifariki akijifungua, akaacha binti mchanga. Nikamlea mimi, sijaolewa, sijazaa, sijui hata chupa ya maziwa inachemshwaje. Nilimwita Witness. Tulilala kitanda kimoja tangu akiwa wa siku chache mpaka alipoweza kukimbia na kunijibu ovyo.

Kisha siku moja nikaenda mnadani, nikarudi, nikakuta mjomba amemkabidhi kwa baba yake. Baba mwenyewe alikuwa mchimba visima, aliyepita kijijini kwetu na mashine yao akampata dada yangu. Sote tulimwita Fundi, jina lake hatukulijua. Alisema kwao ni Manyoni. Nilikwenda Manyoni nikaulizia mpaka watu wakadhani nimechanganyikiwa. Nikarudi mikono mitupu.

Miaka ikapita. Ndipo akaja Yeremia, fundi wa kupaua, mpole, mwenye kucheka kabla hujamaliza utani wako. Akanichumbia. Tulikuwa tunasubiri tu wazee wakutane, bibi yake akafariki, nami nikasema lazima nikazike.

Hapo ndipo tulipofika.

"Unapimwa usingizi," Yeremia aliniambia tukitoka stendi.

"Umelewa?"

"Sijalewa. Kwetu mchumba hapimwi kwa kusonga ugali. Siku hizi kila msichana anasonga. Shangazi Kristina anasubiri msiba, wanawake walale chini pamoja, halafu alfajiri anapita na tochi akiwatazama mmoja mmoja. Anasema mchana mtu anaweza kujipanga, lakini akilala anaonekana alivyo."

"Na mnamsikiliza?"

"Alimkataa mchumba wa kaka yangu Deo kwa sababu alilala kifudifudi. Akasema huyu ana jambo amelilalia. Haukupita mwezi, yule dada akakutwa ana mume Kiomboi."

Nikacheka.

"Huyo Deo ndiye kaka yako mkubwa?"

"Ndiye. Yuko machimboni huko, amechelewa mazishi. Kesho atafika."

"Sasa mimi nilaleje?"

"Kwa ubavu. Mikono kifuani. Mdomo umefungwa. Na tafadhali, usikorome."

"Yeremia, nikishajua nimelalaje, hapo sijalala."

Alicheka mpaka akaushusha mkoba chini. Naandika haya na bado kile kicheko nakisikia, na kinaniuma.

Tulimzika bibi mchana ule. Nikachota maji, nikachambua mchicha, nikasonga ugali wa mtama kwenye sufuria ambalo mtoto angeweza kuogea. Shangazi Kristina nilimwamkia mara mbili. "Shikamoo, Shangazi." "Marahaba." Basi. Ni mama mfupi, mkavu, mwenye macho ya kukadiria uzito wa mbuzi.

Jioni wanaume wakabaki uani kwenye moto. Sisi wanawake tukatandikiwa turubai na mikeka sebuleni, tukabanana, maana ukuta mzima ulikuwa umepangwa magunia ya alizeti. Watoto wakatupwa humohumo, huyu kwa miguu ya yule. Sikuwatazama. Msibani watoto ni wengi na wote wana makamasi.

Pembeni yangu alilala Agripina, mdogo wake Yeremia, na simu yake.

"Wifi, usiogope," akaninong'oneza. "Hata humu kwenye simu kuna daktari anasema. Anayelala ubavu ni mtu wa kuaminika. Anayelala chali ana majivuno. Anayejikunja ana uchungu wa zamani."

"Na anayelala amechoka je?"

"Huyo hajamsema."

Niliamua nisilale kabisa. Nilijipanga ubavu, mikono kifuani, mdomo nimeufunga. Nilijiona nimependeza. Lakini tangu alfajiri nilikuwa njiani, na lile sufuria lilikuwa limenimaliza mabega. Sikumbuki hata Agripina alizima simu saa ngapi.

Kilichoniamsha ni sikio.

Mtu alikuwa amenishika sikio la kushoto, pale chini penye tundu la hereni, analisugua taratibu kwa vidole viwili. Nikatabasamu kabla sijafumbua macho. Mwili wangu ulijua kabla yangu. Katika dunia hii ni mtu mmoja tu aliyewahi kunishika sikio nikiwa nimelala.

Nikafumbua macho. Kulikuwa kumepambazuka. Wanawake wote walikuwa wamekaa kwenye mikeka, wananitazama. Juu yangu alisimama Shangazi Kristina, tochi yake bado inawaka bila sababu.

Nami nilikuwa nimelala vile ninavyolala siku zote. Nilikuwa nimejikunja kwa ubavu, mkono wa chini nimeunyoosha, magoti nimeyapandisha, mbele yangu nimeacha nafasi. Ndivyo nilivyozoea nilipokuwa namlea Witness, mkono uwe mto wake, magoti yamzuie asianguke. Alipochukuliwa, mwili ulikataa kujifunza ulalaji mwingine. Miaka yote nililala nimezunguka pengo.

Asubuhi ile pengo lilikuwa na mtoto.

Binti wa umri wa shule, mwembamba, gauni limechanika kwapani. Kichwa chake kilikuwa juu ya mkono wangu na vidole vyake kwenye sikio langu. Alikuwa amelala fofofo.

"Huyu mtoto," Shangazi Kristina akasema polepole, "halali na mtu. Tangu ameletwa hapa analala peke yake juu ya magunia. Ukimgusa anapiga mateke. Leo amevuka watu wote hawa, amekuja kulala kwako. Wewe ni nani yake?"

Niliushika mkono wa yule mtoto nikaugeuza, chini ya kiwiko. Kovu lilikuwepo. Uji ulimwagikia pale siku moja nikiwa nageuka kuchukua sukari.

"Witness," nikasema.

"Huyo anaitwa Lucy," Agripina akasema. "Ni wa kaka Deo. Mama yake alimtupa akakimbia."

Mtoto akaamka. Akanitazama, akautazama mkono wake, akajitoa haraka kwa aibu.

"Nilisikia baridi," akasema.

Hakunikumbuka. Hilo ndilo lililonivunja. Aliyenikumbuka ni yule aliyelala, na sasa alikuwa ameamka.

Nililia mbele ya wakwe wote. Shangazi Kristina alinitazama nikilia, kisha akazima tochi.

"Nimeona," akasema. "Mwanamke aliyelala vile amezaa. Na aliyemzaa ni huyu."

"Shangazi, hapana. Mimi sijawahi..."

"Maneno yako utayasema kwenye kikao."

Sasa niwaambieni ubaya wa jambo lile, maana mimi mwenyewe lilichelewa kunifikia. Kama Lucy ni mwanangu, basi nimezaa na Deo. Na kama nimezaa na Deo, nimekuja kuolewa na mdogo wake, tena nimejifanya sina mtoto. Kabla chai haijachemka, habari ilishafika kwenye moto wa wanaume. Nikamwona Yeremia amesimama peke yake karibu na zizi.

Nilimfuata. Nikamweleza yote, Eliza, chupa za maziwa, mnada, Manyoni. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo wewe ni mama yake mdogo?"

"Ni mama yake mdogo. Naapa kwa kaburi la Eliza."

Akashusha pumzi ndefu.

"Basi hakuna tatizo," akasema, na kicheko chake kikarudi nusu. "Tukioana, tutamchukua. Ni binti wa kaka yangu na binti wa dada yako. Atalala pale katikati yetu, akushike sikio mpaka litanuke."

Nilimpenda mwanamume yule pale karibu na zizi kuliko siku zote. Nikaamini Mungu amenikumbuka. Amenirudishia mtoto na kunipa mume, vyote kwenye msiba mmoja.

Furaha yangu haikufika mchana.

Kikao kilikaa uani, wanaume kwenye viti na magogo, wanawake kwenye mikeka. Kiongozi alikuwa Baba Mkubwa Abraham, mkubwa wa ukoo, mzee wa kanisa, mtu asiyependa jambo lirudiwe. Hata hajafungua kwa sala, pikipiki ikaingia. Akashuka mwanamume mwenye koti la ngozi na begi jipya.

Nikamjua kwa mwendo kabla sijauona uso. Alikuwa Fundi.

Naye alinijua. Macho yake yalinipitia, yakarudi, yakaganda.

"Deo, kaa," Baba Mkubwa akasema. "Kuna jambo lako hapa. Binti, sema."

Nikasimama. Nikasema kweli yote, kama nilivyoisema zizini. Mama wa mtoto ni Eliza, dada yangu. Alifariki siku aliyomzaa. Mimi nimelea tu.

Baba Mkubwa akamgeukia Deo. "Unasemaje?"

Deo akapandisha mabega. "Sina la kubishana na watu wa huko. Kama alikufa, alikufa. Mtoto ni wangu. Na nimekuja kumchukua. Mke wangu amejifungua mapacha, anahitaji mtu wa kumbebea. Kesho asubuhi naondoka naye."

"Na shule?" Agripina akauliza kutoka kwenye mkeka.

"Shule ipo tu, haihami."

Lucy alikuwa amekaa nyuma ya magunia mlangoni. Sikujua kama alikuwa anatusikia. Nikaona vidole vyake vimeshika sikio lake mwenyewe.

Yeremia akainuka. "Baba Mkubwa, mimi na Yunisi tutamlea. Ni damu ya pande zote mbili."

"Nani kakwambia natafuta mlezi?" Deo akamkata. "Oa kwanza uzae wako."

Baba Mkubwa akainua mkono, wakanyamaza.

"Sikilizeni. Mimi sipendi mtoto aende kubeba watoto. Lakini utaratibu ni utaratibu. Mama akifa, mtoto ni wa baba yake, na baba akisema anakwenda naye, siwezi kumfungia lango. Ingekuwa mama yake yu hai, hapo ningekuwa na neno. Maana Deo hakupeleka kwao hata mbuzi, na mtoto asiyetolewa kitu ni wa kwao mama. Ningemwambia mama, mshike mwanao mkono uende. Lakini mama amekufa. Tumalize."

"Tusimalize!"

Alikuwa Shangazi Kristina. Alisimama na kanga yake ikaanguka, hakuiokota.

"Kaka, huyu binti anawadanganya. Ameogopa kumpoteza Yeremia, ndiyo sababu anamkana mwanawe. Mimi nimetazama wanawake waliolala tangu kabla hawa hawajazaliwa. Mtoto wa kulea mtu anampa mgongo akilala. Hakuna anayemwachia nafasi miaka yote. Mwulizeni tena."

Nilitaka kumwambia kwamba amekosea. Kwamba ulalaji haujui nani kazaa na nani kalea, unajua tu nani alikuwepo. Neno lilifika kwenye meno.

Hapo ndipo nikaona alichoniwekea mbele yangu bila kujua. Alikuwa amenifungulia mlango.

Baba Mkubwa akanitazama. "Binti, nakuuliza kwa mara ya mwisho, na hapa tuko mbele ya kaburi ambalo udongo wake haujakauka. Huyu mtoto ulimzaa au hukumzaa?"

Nikamtazama Yeremia. Alikuwa ananitikisia kichwa taratibu, ananipa moyo, kwamba sema tu kweli, Yunisi, rudia kweli. Shati lake lilikuwa lilelile alilovaa siku aliyonichumbia. Nilimpenda. Msije mkasema sikumpenda.

Nikamtazama mtoto mlangoni. Alikuwa anasugua sikio lake, anatazama lile begi jipya la baba yake.

Kusema kweli kulikuwa na mume ndani yake. Kusema uongo kulikuwa na mtoto.

"Nilimzaa mimi," nikasema.

"Yunisi," Yeremia akasema. Jina langu tu.

"Nilimzaa mimi. Nilidanganya asubuhi kwa sababu nilitaka kuolewa. Mnisamehe. Nipeni mwanangu niondoke."

Deo akaruka kutoka kwenye gogo. "Mwongo huyu! Mama yake ni Eliza, na Eliza amekufa, nililetewa habari mwenyewe!"

"Uliletewa lini?" Baba Mkubwa akauliza kwa upole.

"Zamani! Alipojifungua!"

"Deo, miaka yote umetuambia mama yake alimtupa akakimbia. Bibi yako amekufa akimlaani mwanamke huyo kwenye maombi. Leo ndiyo unajua kwamba alikufa uzazini?"

Uongo wa zamani wa Deo ulikuwa umemfunga miguu, na mimi nilikuwa nimeukalia.

Baba Mkubwa akageuka. "Yeremia, umesikia. Mwanamke aliyezaa na kaka yako hawezi kuwa mke wako, hata mngependana vipi."

Yeremia alinitazama, macho mekundu. Ukimtoa Deo, yeye ndiye mtu pekee pale aliyejua kwamba nimedanganya, na alijua kwa nini. Angeweza kusema. Neno moja lake lingeniangusha, na pengine lingemrudishia mchumba.

Akachukua kofia yake kwenye kiti, akatoka langoni. Sikujua kama ameniachia mtoto au ameniacha tu.

"Lucy," Baba Mkubwa akaita, "njoo kwa mama yako."

Mtoto akaja. Hakukimbia, alikuja hatua moja moja huku akimtazama Deo. Nikapiga magoti. Nilipoufikia mkono wake, Deo akasema lile neno ambalo sikulitegemea.

"Apimwe."

"Apimwe nini?" Baba Mkubwa akauliza.

"Mama Anastazia si yupo jikoni? Si ndiye mkunga aliyewazalisha mama zetu wote hapa? Amtazame huyu mwanamke. Aliyezaa na asiyezaa, mkunga hawezi kuwachanganya. Akisema amezaa, mimi napanda pikipiki yangu peke yangu. Akisema hajazaa, mtoto anaondoka nami leo hii, na huyu alale polisi."

Nilimgeukia Shangazi Kristina, nikitumaini angelikataa jambo lile kwa heshima ya wanawake. Lakini alikuwa amesimama wima, uso unang'aa. Alikuwa na uhakika na mimi kuliko mtu yeyote duniani.

"Apimwe!" akasema. "Hata sasa hivi. Mimi katika kutazama waliolala sijawahi kukosea."

Baba Mkubwa alikunja uso, akafikiri, kisha akaitikia kwa kichwa.

Mama Anastazia akatoka jikoni akijifuta mikono kwenye kanga. Ni mama mnene, mtaratibu, mwenye mikono ya joto. Alinishika mkono bila kuuliza kitu. Nilipita mbele ya wanawake wa mikekani, nikapita mbele ya Lucy, ambaye alinishika kidole kimoja, akanifuata mpaka mlangoni, akaambiwa asubiri nje.

Tukaingia kwenye chumba cha marehemu. Mama Anastazia akafunga mlango kwa komeo. Akanivua kitenge changu cha msiba begani, akakitandika juu ya kitanda cha kamba, akakilainisha kwa viganja.

Nje nilisikia mtoto akiuliza, "Mama anafanywa nini?" Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo tangu siku ile ya mnada.

"Haya, mwanangu," Mama Anastazia akasema, na macho yake tayari yalikuwa yananitazama tumbo. "Lala chali."